Gia za Kemshafti na Kilima cha Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa nyumbani. Anayesafiri ni mke wangu: anaendesha watalii, anateremka kreta ya Ngorongoro na kupanda tena, na akirudi ana vumbi hadi kwenye kope. Ananikuta pale pale aliponiacha, kati ya banda la kuku na gari langu. Majirani zetu hapa Karatu wamezoea. Wakinikosa uani wanadhani nimelazwa.

Gari lenyewe ni dogo, la Kijapani, lina turbo. Turbo, kwa asiyeijua, ni feni inayozungushwa na moshi wa injini ili isukume hewa nyingi ndani na gari lipate nguvu. Langu lilipata nguvu hizo kwenye mwendo mkali tu. Kwenye mwendo wa chini lilikuwa kama mimi asubuhi: limeamka, lakini usilitume.

Hilo halikunisumbua mpaka siku nilipompeleka mama mkwe kwake Oldeani. Kilima cha mwisho ni cha udongo mwekundu, kimechimbika na mvua, huwezi kukiendea mbio. Katikati gari likakohoa, likazima. Nikawasha, likazima tena. Mama mkwe akashuka, akakusanya kitenge chake cha kanisani, akapanda kilima kwa miguu huku mimi nikirudi kinyumenyume. Watu waliokuwa wakichuma kahawa waliacha kuchuma.

Tangu hapo, akija mjini, alirudi kwake na trekta la shamba, amekaa juu ya bati linalofunika tairi. Akipita mbele ya nyumba yetu alinipungia mkono. Angenuna ningevumilia. Ule mkono ndio ulioniumiza.

"Mama hana kinyongo," mke wangu aliniambia. "Anasema tu gari lako ni zuri la kukalia uani."

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Ningejibu nini? Nilicheka."

Basi nikaenda kwa binamu wa mke wangu, ambaye ni fundi magari. Ananiita shemeji, na kwa ushemeji huo hana adabu hata kidogo. Hadithi ya kilima alikuwa nayo tayari, tena ndefu kuliko yangu. Alipomaliza kucheka akaniletea gia mbili za kemshafti alizozitoa Arusha kwenye gari lililokuwa la mashindano.

Kemshafti ni vyuma viwili vilivyolala juu ya injini. Kimoja kinafungua valvu za kuingiza hewa, kingine za kutoa moshi. Gia za kawaida, yale magurudumu ya meno yanayovizungusha, zimevifunga kwa wakati mmoja usiobadilika, lakini hizi za kurekebisha zina bolti za kulegeza na alama za digrii, kwa hiyo unaweza kuziambia valvu zifunguke mapema kidogo au zichelewe kidogo. Fizikia ya kidato cha nne ilinikataa, lakini hapo nilielewa mara moja. Kuchelewa kidogo ni jambo ninalolifahamu vizuri.

Tulifanya kazi uani. Tukapanga alama za injini, tukalegeza mkanda wa taimingi unaozungusha gia hizo na kuutoa, tukafungua gia za zamani na kufunga mpya. Nilitaka kuwasha papo hapo. Shemeji akanishika mkono.

"Zungusha kwa spana kwanza, taratibu. Valvu zikigonga pistoni utabaki mfugaji wa kuku."

Nikazungusha. Hakuna kilichogonga. Akapiga simu kwa rafiki zake wa Dar wanaoshindana kwa magari, wakamwambia acheleweshe valvu za hewa. Akazichelewesha. Tukashika lami kuelekea Manyara, na kusema kweli gari liliruka. Shemeji alikuwa anaendesha huku anapiga dashibodi kama ngoma. Mimi nilishika mkanda wa kiti na kufikiria kuku wangu.

Siku iliyofuata nikaenda peke yangu Oldeani. Gari lilizima chini zaidi ya pale lilipozima mara ya kwanza. Wachuma kahawa walinisalimia kwa heshima ya mtu aliyefiwa.

"Lakini lami uliiona, shemeji," fundi alijitetea.

"Mama mkwe hakai kwenye lami."

Akakuna kichwa. Hapo ndipo tulipoona upumbavu wetu. Tulikuwa tumerekebisha gari la mtu wa pwani, mwenye hewa nzito na barabara iliyonyooka. Sisi tuko juu, hewa ni nyepesi, turbo inachelewa kuamka, na kilima hakikupi nafasi ya kukimbia. Tena dereva mwenyewe haendi popote. Nilihitaji nguvu za polepole, za mtu mvivu anayebanwa na wakwe.

Tukafungua tena. Safari hii tukawahisha valvu za hewa, za moshi tukaziacha kwenye alama ya sifuri. Unalegeza bolti, unasogeza unywele mmoja, unakaza, unazungusha kwa mkono, unaenda kujaribu kwenye mwinuko wa Qurus, karibu na hapa, huku unatazama mshale wa kipimo cha turbo. Mara ya kwanza mshale ulinyanyuka mapema kidogo. Tukasogeza tena, ukanyanyuka mapema zaidi. Tukazidisha, injini ikaanza kutetemeka kama ina homa, tukarudi nyuma nusu ya hatua. Hapo gari likaanza kuvuta kutoka chini kabisa, kwa gia ya pili, bila kelele. Shemeji hakupiga dashibodi. Alisema tu, "Sasa hili ni trekta," na mimi sijawahi kusifiwa vizuri zaidi.

Siku ya mnada mama mkwe aliuza maharage yake, na trekta la shamba halikuja. Mke wangu alikuwa mapumzikoni. Akamwambia mama yake apande kwangu, naye mwenyewe akaingia nyuma.

"Nitapanda mpaka chini ya kilima," mama mkwe akasema. "Hapo nitashuka mwenyewe. Sitasubiri kushushwa."

Njia nzima hakuegemea kiti. Tulipofika chini akasema, "Simama, baba." Mkwe akikwambia simama, unasimama. Nikapoteza hata kile kimwendo kidogo nilichokuwa nacho. Tayari alikuwa ameshika kitasa.

"Mama," nikasema, "nakuomba unipe kilima hiki kimoja. Likizima, nitakubeba mgongoni mpaka kwako."

Nyuma mke wangu aliziba mdomo kwa khanga. Mama mkwe aliachia kitasa akanigeukia, maana hilo ni jambo ambalo mkwe wa kiume halitamki, sembuse kulifanya.

"Endesha," akasema, "kabla watu hawajakusikia."

Nikaachia klachi. Gari likanyanyua pua na kuanza kupanda. Mshale ukaamka, magurudumu yakashika, tukapita pale pa aibu ya kwanza, tukapita na mashimo ya juu yake. Mguu wangu ukatulia ulipoona hauna kazi ya ziada. Wachuma kahawa walisimama, safari hii kwa sababu nyingine.

Juu, mbele ya nyumba yake, nilikanyaga breki. Mama mkwe hakushuka. Alirekebisha kitambaa cha kichwa, akaegemea kiti, akafungua kioo chote.

"Usizime," akasema. "Twende kwa mwenyekiti wa kwaya kwanza. Halafu kwa jirani wa chini, halafu tutarudi kupanda tena."