Mama Mkwe Niliyeachiwa

Mume wangu alipoondoka alichukua kitanda, akamwacha mama yake.

Kitanda alikuwa amekitengeneza mwenyewe, maana ni fundi seremala, kwa hiyo sikuwa na la kusema. Alikuja na mkokoteni mchana kweupe, majirani wakitazama, akakifungua kipande kwa kipande kwa utulivu kama mtu anayehamisha ofisi. Mama yake alikuwa ameketi barazani. Macho yake yalikuwa yameshaanza kuzimika.

"Nani anagonga?" akauliza.

"Ni mimi, mama. Narekebisha kitu."

Akaenda kukirekebisha kwa mwanamke aliyesimama nyuma yangu siku ya harusi yangu, akinishikia maua.

Nilibaki na chumba kimoja na ukumbi, pasi ya mkaa ninayofanyia kazi ya udobi, na mama mkwe ambaye hakuwahi kunipenda.

Nisimsingizie, alikuwa na sababu zake. Alifiwa na mume mtoto akiwa bado mgongoni, akamlea kwa cherehani. Alishona sare za shule, mapazia, na mambo yalipokaza alishona hata magunia. Mwana alipotaka kujifunza useremala, cherehani ile ndiyo iliyogeuka randa na misumeno. Mama aliyejinyima hivyo humtakia mwanawe mke wa maana, aliyesoma. Nikaja mimi. Shule niliiacha mapema, kabla haijanizoea. Nilijua kusoma jina langu na maneno ya kwenye paketi ya sabuni. Tena sikujaliwa mtoto. Wageni walipokuja, mama mkwe alikuwa akiwaambia, nami nasikia, "Mwanangu ana jicho zuri la kuchagua mbao." Anaishia hapo.

Sasa mwana ameondoka na mbao zake, na sisi wawili tunatazamana. Yaani mimi namtazama. Yeye, baada ya muda si mrefu, hakuona kabisa.

Majirani walinishauri. "Mpakie kwenye gari, umpelekee mwenyewe mzigo wake." Nilituma mtu na ujumbe: njoo umchukue mama yako. Jibu likaja kwamba chumba chake bado kinatengenezwa. Kila nilipotuma, chumba bado kinatengenezwa. Nikawaambia majirani, seremala gani huyu anayeshindwa na chumba kimoja?

Mchungaji alikuja kunitia moyo. Akanifananisha na yule mwanamke wa kwenye Maandiko aliyekataa kumwacha mama mkwe wake. Nikamwambia, "Mchungaji, mume wa yule alikufa. Wangu yu hai, na nasikia ananenepa." Alikunywa chai yake haraka akaenda.

Ukweli ni kwamba sikumweka yule mama kwa wema. Nilimweka kama mtu anavyoweka ushahidi. Kila aliyepita mlangoni amwone ameketi pale, ajue mume wangu ni mtu wa namna gani. Na kuomba niliomba sana. Niliomba mume wangu ang'oke meno. Niliomba yule mshika maua apate chunusi zisizosikia dawa. Mungu hakunijibu lolote, nikasema naye amehamia upande wa wenye vitanda.

Kilichonichosha zaidi ni shukrani za yule mama. Watoto wa mtaani walimwita Mama Asante, kama mimi wanavyoniita Mama Pasi. Alishukuru kwa maji, kwa kiti, kwa kivuli. Asubuhi akiamka tu, "Asante, Bwana, kumekucha."

"Umejuaje kumekucha, mama, na wewe huoni?"

"Jogoo wa jirani hana adabu. Tena wewe umeshaanza kugombana na masufuria."

Alitaka kunisaidia kazi. Nikamwambia apumzike. Akasema aliyelala kaburini atapumzika vya kutosha. Basi nikampa nguo za kukunja, nikitegemea atashindwa, aache kunisumbua. Hakushindwa. Vidole vilivyoshona miaka yote vilijua mshono uko wapi na kola inaangalia wapi. Lakini aliweka sharti: pasi isishike nguo kabla kila mmoja hajataja jambo moja la kumshukuru Mungu siku hiyo.

"Mimi sina," nilimwambia.

"Tafuta. Mkaa wenyewe haujashika."

"Haya. Namshukuru Mungu kwamba mwanao ameanza kupata upara."

Nilidhani atanuna. Alitikisa kichwa taratibu, akainua mikono. "Hiyo nayo ni shukrani. Pokea, Bwana, kama ilivyo. Baba yake pia alianzia kisogoni."

Ndivyo tulivyoanza. Siku nyingi shukrani zangu zilikuwa na miiba. Nilishukuru kwa mvua iliyomnyeshea mtu fulani mbao zake. Alizipokea zote, anazipeleka juu, hajali. Kisha, sijui ilikuwaje, siku moja nilishukuru kwa sababu kidonda cha kidole changu kilikuwa kimefunga, na nilipomaliza nikagundua sikumtaja mtu.

Jambo la pili lililotuleta karibu lilikuwa kusoma. Yeye alizoea Zaburi zake, na macho hayapo. Akanipa kitabu. Nikamwambia, "Unanijua, mama. Mimi na herufi hatusalimiani." Akasema, "Mimi nazijua kwa kichwa. Wewe weka kidole, mimi nitakwambia kidole kimekanyaga nini." Basi kipofu akamfundisha kusoma mtu mwenye macho mawili mazima. Nikikosea ananisimamisha, "Rudi, umeruka shimo." Yule yule aliyekuwa akiwaambia wageni habari za mbao! Mara moja nilisoma ukurasa mzima bila kuguswa. Akaweka nguo chini, akasema, "Nilikuwa mjinga sana juu yako." Nikamjibu kwamba hilo nalijua, aendelee kukunja.

Sasa nifike kwenye majoho.

Kazi yetu kubwa ilikuwa majoho meupe ya kwaya. Kwaya ya kanisa letu ni kubwa, na majoho yale ndiyo yaliyotulisha. Nguo nyeupe huwa tunaitia buluu kidogo kwenye maji ya mwisho, ile ya unga wa kufulia, ili weupe uwe wa kung'aa. Kidogo tu, kwa ncha za vidole. Ikizidi, nguo haiwi nyeupe tena. Na kwa kuwa mama haoni rangi ya maji, tulikuwa na utaratibu: aliyeitia anasema kwa sauti, "Tayari."

Wiki askofu alipokuwa anakuja, mimi na mama tulinuniana. Sababu ilikuwa sufuria iliyoungua, na kila mmoja anajua ni nani aliyeiunguza. Nilitia buluu nikatoka kwenda kutengeneza kamba ya kuanikia, sikusema "tayari," kwa sababu hatusemezani. Yeye naye hakuuliza, kwa sababu hatusemezani. Akatia ya kwake. Na mkono wake siku hiyo ulikuwa na hasira, haukutia kidogo.

Niliporudi, nilidhani mtu amemwaga mbingu kwenye beseni. Tulisuuza, tukasuuza tena, tukaanika juani tukiomba. Buluu haisikii maombi ya haraka haraka.

Mwalimu wa kwaya alipokuja kuyachukua alishika joho moja kwa vidole viwili. "Mama Pasi, hii ni kwaya au timu ya mpira?"

"Mwalimu, ni ajali ya kazi."

"Ajali? Askofu yuko njiani! Yavaliwe hivyo hivyo, yapo mengine? Lakini kuanzia Jumatatu majoho yatakwenda kwa dobi mwingine. Dobi anayeona."

Neno hilo la mwisho lilimfikia mama palipomuuma. Aliendelea kukunja, lakini alikunja joho lile lile mara mbili. Nikataka kumwambia, haya sasa, shukuru. Nilitazama mikono yake, nikachukua joho jingine nikakunja naye.

Jumapili nilikwenda kanisani kwa sababu yeye hawezi kwenda peke yake. Tuliketi benchi la nyuma kabisa, nia yangu ikiwa tutoke kabla watu hawajaanza kunipa pole. Kwaya ikaingia. Mama akaniegemea.

"Wameyavaa?"

"Wameyavaa."

"Wanaonekanaje?"

"Kama mbingu iliyofuliwa na walevi."

Akacheka. Alijaribu kuzuia kwa ncha ya kitenge, akashindwa, benchi likaanza kutikisika. Nikacheka na mimi. Mzee aliyeketi mbele akageuka, ndiyo tukazidi. Kisha kwaya ikaimba, na kumbe sauti haijali joho. Ilipanda, ikajaza paa lote la mabati, na kicheko changu kikageuka machozi. Sikuwa nimelia hivyo tangu siku ya mkokoteni.

Nililia, na katikati ya kulia nikaitafuta hasira yangu mahali ninapoiweka siku zote, kama mtu anavyopapasa mfuko kutafuta ufunguo. Sikuikuta. Kazi nilikuwa nimeipoteza. Mume hakurudi, wala sikumtaka arudi. Paa la nyumba lilikuwa linavuja vile vile. Hakuna kilichobadilika hata kimoja. Lakini niliketi bega kwa bega na mtu aliyekuwa amepoteza mengi kuliko mimi, na Mungu niliyemdhani amehamia kwa wengine alikuwa amekaa na sisi wakati wote, pale nyuma, akinisubiri nimalize maneno. Nikasema, "Bwana, asante." Sikuongeza kitu. Kwa kawaida naongeza.

Sidanganyi mtu, hasira ilirudi siku ya pili yake. Lakini ilibisha hodi. Zamani ilikuwa inaingia tu kama mwenye nyumba.

Ndipo akaja mume wangu.

Tulikuwa kazini, tunapiga pasi mashuka machache tuliyopata kwa jirani. Sauti niliitambua kabla ya kivuli.

"Hodi humu."

"Nani?" mama akauliza, ingawa mama gani hamjui mwanawe.

"Ni mimi, mama."

"Unarekebisha nini leo?"

Nilimpa kigoda na maji ya kunywa. Niliitazama mikono yangu ikimpa, kwa mshangao, kama mikono ya mtu mwingine. Alikuwa amevaa suti. Upara ulikuwa umefika mbele.

"Mama, nimekuja kukuchukua. Chumba kimekwisha."

"Kimekwisha ghafla hivi?"

Alikohoa. Akasema kanisa analosali kule wamempendekeza awe mzee wa kanisa. Wameuliza habari za familia. Wameuliza mama yuko wapi.

"Ukawajibuje?"

"Nimewaambia uko safarini."

"Safari ndefu hii kwa mtu asiyeona." Mama aliweka shuka chini. "Na huyu, una neno naye?"

"Mama, hayo ni mambo ya zamani."

"Mwanangu, ya sasa siyaoni. Nimebaki na ya zamani tu."

Mume wangu alitazama ukuta. Nilimwona akitafuta neno, na kwa kitambo kidogo nilidhani atalipata. Akasema, "Gari linasubiri."

Mama akageuza uso upande wangu. "Mkwe wangu, nyumba ni yako. Umenivumilia vya kutosha, na kazi nimekupotezea. Ukisema niende, nitakwenda, wala sitakulaumu mbele za Mungu wala za watu."

Hilo ndilo nililokuwa nimelitaka. Nilikuwa nimelituma kwa watu, nimeliombea kwa magoti. Neno moja tu, na mwenye mzigo aubebe mzigo wake, mimi nibaki na mdomo mmoja wa kulisha. Nilimtazama mama. Alikuwa amekaa wima, mikono magotini, kama anayesubiri kupimwa nguo. Sikuuona ushahidi tena. Nilimwona mama niliyekuwa naye.

"Haendi mtu," nikasema. "Mlango anaujua. Aje kukuona akitaka, aje Jumapili, aje hata na hao wazee wake wa kanisa, nitawachemshia chai. Lakini kukubeba kama kitanda, hapana."

"Wewe siyo uliyekuwa unatuma watu nije?" mume wangu akafoka.

"Ni mimi. Ulichelewa."

Alisimama kidogo mlangoni, akimsubiri mama aseme vingine. Mama aliokota shuka akaendelea kukunja. Gari likaondoka.

Nilidhani atafurahi. Alilia mpaka jua likazama, kilio cha chini chini. Mimi sikupata mtoto. Yeye alipata mmoja, akampoteza akiwa hai, na kubaki kwangu hakukumponya jeraha hilo.

Asubuhi nilitia mkaa kwenye pasi, nikasubiri. Jogoo aliwika, mama akanyamaza.

"Mama, asante ya leo?"

"Leo sina, mwanangu. Tangulia wewe."

Hakuwahi kuniita hivyo. Nikapiga magoti pale pale kwenye sakafu, karibu na kikapu. Nilishukuru kwa uhai. Nilishukuru kwa mashuka ya jirani, yangawa machache. Nilishukuru kwa vidole vyake, na kwa herufi nilizopewa na mtu asiyeziona. Nilishukuru kwamba hatukuwa peke yetu, yeye wala mimi. Nikafika mwisho.

"Umemsahau mwanangu," akasema polepole.

"Sijamsahau. Nilikuwa nakaribia kumfikia."

Nikamtaja, kwa jina lake. Sikumwombea meno. Nilisema, Bwana, yule naye ni wako, mfikie, maana sisi tumeshindwa kumfikia. Mama alisema amina, akanyoosha mkono kutafuta nguo ya kwanza ya kukunja.