Bibi Aliyeimba Kanisani Kwao

Mwaka wa pili wa corona, Sydney ilipofungwa tena, nilikuwa nikimhudumia bibi mmoja Mwarmenia nyumbani kwake Seven Hills. Mwanawe aliugua huko Liverpool, mtaa mwingine wa Sydney, akakatazwa kuja. Basi bibi akanyamaza. Nikimsalimia, anageukia ukutani.

Jioni moja simu yake ikalia. Alikuwa mpwa wake, mwanamke wa makamo, akipiga kwa video kutoka kijiji alikozaliwa bibi, juu kabisa milimani. Kule ilikuwa bado mchana.

"Dada, mshikie shangazi simu vizuri," aliniambia kwa Kiingereza. "Nampeleka kanisani."

Akapanda kilima akihema. Tuliona majani marefu, mizinga ya nyuki, kisha kanisa lenyewe: mawe mekundu yaliyopangwa mamia ya miaka iliyopita. Paa liliporomoka zamani kwa tetemeko, lakini matao yalibaki, yameshikana juu ya hewa tupu. Ukutani ilichongwa misalaba, mistari yake ikipishana kama ukili wa mkeka. Mimi niliyekulia Uvira, nikisali chini ya mabati, sikujua kama jiwe nalo husukwa.

"Hapo," bibi akasema ghafla. "Hapo mama alinisimamisha, nikaimba."

"Imba sasa, shangazi."

Mpwa akatoa spika ndogo mkobani, akaiunganisha na simu, akaiinua katikati ya kuta zile.

Bibi akanishika mkono, akaimba. Sauti ilianza kwa kukwaruza, halafu ikanyooka. Punde nikaisikia ikirudi kwetu: imegonga mawe, imekuwa pana, kama vile kuna wengine waliomwitikia. Njiwa wakaruka kutoka kwenye matao. Mwanamke niliyemwinua kitandani asubuhi ile alikuwa amelijaza kanisa la kwao, naye yuko hapa, kidole changu kwenye kiganja chake.

Alipomaliza, mpwa alilia bila kujificha.

"Mungu wangu," nikanong'ona kwa Kiswahili.

Bibi akanitazama. "Umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

Tangu siku ile alianza kuongea. Mwanawe alipopona na kuruhusiwa kuja, alitukuta sebuleni, mama yake akinifundisha wimbo ule. Nilikuwa nauimba vibaya mno. Mtu mzima yule akasimama mlangoni na viatu vyake mkononi, akatusikiliza mpaka mwisho.