Ncha ya Kamba Aliyoiacha Kaka

Kaka yangu alifunga kamba kwenye mguu wa kiti cha plastiki akaenda kuongea na simu. Mimi na binti yake tukachukuliwa na maji. Kisha akaiambia familia nzima kwamba fundo langu ndilo lililofunguka. Kosa lenyewe ni hilo. Miaka mitatu imepita, na Jumamosi hii wanakwenda tena baharini na mtoto, bila mimi.

Mimi ni dobi. Shuleni nilikaa madarasa mawili tu. Nyumbani ilionekana anatosha kusoma mmoja, na mmoja huyo alikuwa kaka. Nafua mashuka ya hospitali, naanika, nakunja, nafunga marobota. Robota nililofunga mimi hurushwa kutoka garini, likabiringika mpaka mlangoni, na halijawahi kufunguka.

Tangu utoto wetu, likizo ndefu ilipofika, mama alitupeleka baharini wiki moja, nyumba ile ile ya vyumba viwili ambayo mlango wake ulivimba kwa unyevu na kufunguliwa kwa bega. Hakuna aliyegusa maji kabla nyumba haijafagiliwa na magodoro kuota jua. Hakuna kati yetu aliyejua kuogelea, na mama aliiogopa bahari kuliko alivyomwogopa mama mkwe wake. Basi alifungua kamba ya kuanikia nguo uani, akaja nayo. Kila mmoja alijifunga kiunoni, mdogo karibu na ufuko, mkubwa kwenye kina. Mmoja alibaki mchangani ameshika ncha.

"Mshika ncha hakai, hali, hapigi soga," mama alisema kila mwaka.

Watu walitucheka. Mpita njia mmoja aliwahi kumuuliza, "Mama, mbuzi hao unawapeleka mnadani?"

"Hawa wangu wanarudi nyumbani," mama akamjibu.

Tulipokuwa watu wazima tuliendelea hivyo hivyo. Magoti ya mama yalipochoka akawa anabaki kibarazani, ncha akamkabidhi kaka.

Siku ile ilikuwa saa nne asubuhi. Nilimfunga mtoto mimi mwenyewe. Alikuwa na miaka sita, na tulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupumzika.

"Shangazi, samaki wakilala wanafumba macho?"

"Kamuulize baba yako, ndiye aliyesoma."

Maji yalinifika tumboni, yeye kifuani. Ghafla nikahisi wepesi. Aliyezoea kuanika mashuka mabichi huijua kamba iliyochomoka kabla hajaiona: uzito unaondoka mkononi. Nikageuka. Pale aliposimama kaka hapakuwa na mtu. Kiti cheupe kilikuwa kinatujia juu ya maji, kinarukaruka kama mbwa anayemfuata bwana wake.

"Shangazi, kiti kinaogelea," Chiriku akasema huku anacheka. Kisha mchanga ukaondoka chini ya miguu yetu.

Sikupiga kelele, kinywa kilishajaa. Nilivuta kamba mpaka nikampata, nikampandisha begani. Kila vidole vyangu vilipogusa chini, chini ilikimbia. Niliwaza jambo moja tu: fundo lake. Likifunguka, nitabaki nimeshika kamba tupu. Nilimsikia akikohoa sikioni mwangu, kisha sikumsikia tena.

Mwanamume aliyekuwa akikodisha maboya alidhani kiti chake kinaibwa na mawimbi. Aliingia akakikamata, akavuta, akaona kizito. Alifuata kiti, sisi tulikuja kama nyongeza.

Kaka alifika mbio, simu bado mkononi. Kabla hajamtazama mwanawe usoni, alikifungua kile kiti na kukisukuma kando. Yule mtu alikuwa amempindua Chiriku akimtoa maji, hakuona. Mimi niliona.

Kibarazani mama akauliza, "Imekuwaje?"

"Fundo la dada lilifunguka, mama. Akazama, akamvuta mtoto."

Nilifungua kinywa nijitetee, nikatapika maji ya chumvi.

Katika chumba cha nyuma, wifi yangu, mke wa kaka, alihangaika na kamba kiunoni mwangu. Ilikuwa imeingia nyamani, hata kucha haikupenya. Akachukua kisu cha jikoni akaikata.

"Wifi," nikamwambia, "fundo lililofunguka hukatwa kwa kisu?"

Hakuinua uso. "Wifi yangu, niachie ndoa yangu."

Mwaka uliofuata mama alifariki, na alikwenda akiwa ameuamini uongo huo. Mimi sikuitwa tena likizo. Mwezi uliopita, kwenye harusi ya jamaa, mtu alimwambia Chiriku amshike shangazi mkono wavuke barabara. Akauficha mkono mgongoni. "Huyu huachia watu," alisema polepole, bila ubaya, kama anavyosemwa mtu mwenye kikohozi.

Jumatatu nilimpigia kaka simu.

"Nani atashika ncha?"

"Mimi. Nani mwingine?"

"Kwa mkono?"

"Dada, yaliyopita si ndwele."

"Malizia basi. Tugange yajayo. Yajayo ni Jumamosi."

Akacheka. "Wewe kwa kushika jambo, kupe hakuwezi. Tulia. Nimenunua kamba ya nailoni, na fundo la mtoto nitafunga mwenyewe. Safari hii hakuna kitakachofunguka."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mwongo anayejua kuwa anadanganya angalau angekaza mkono. Kaka ameurudia uongo wake mpaka umemwingia. Ameponya fundo ambalo halikuugua, na ile ncha hata haifikirii. Jumamosi simu italia, kiti kitakuwa karibu, na mwenye kuijua kamba kwa wepesi wake hatakuwa majini.

Simdai aniite. Simdai aniombe radhi mbele ya watu, ingawa ni haki yangu. Ninachomdai ni kidogo na hakingoji: kabla Chiriku hajalowesha miguu, amwambie, "Shangazi hakukuachia, ni mimi," kisha ashike ile ncha kwa mkono wake, asimame. Akishindwa, deni ni la wifi, aliyeshika kisu.