Sheria ya miti minne ilivyotaka kumnyima shangazi yangu leseni ya mgahawa, Bariadi

Wakuu, heshima kwenu.

Jana nimesoma uzi wa mdau anayelalamika kuandikiwa faini kwa kukata mwembe wa kwenye kiwanja chake mwenyewe. Nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Acha niwape cha kwetu. Nilikuwepo, niliona kwa macho haya, na shahidi wangu yu hai. Ni mmoja wa wakaguzi wa siku ile, sasa mstaafu, anakaa Malampaka. Mtajie mbuzi tu uone.

Ilikuwa miaka ya tisini, soko huria ndiyo linaingia, Bariadi ikiwa bado mkoa wa Shinyanga. Wanunuzi binafsi wa pamba walianza kufika na malori. Madereva na makuli wanataka kula. Shangazi yangu Kabula (kwetu shangazi ni senge, basi nitamwita Senge) akauza ng'ombe wake wawili, akajenga mgahawa barabarani. Mpika chapati ni mimi.

Ng'ombe wameshaondoka. Msimu unafunguliwa Jumatatu. Imebaki leseni tu, na fomu yake inataka saini mbili: ya Bwana Miti na ya Bwana Afya.

Sasa kulikuwa na sheria ndogo: kila jengo la biashara linalotazama barabara liwe na miti minne hai mbele, kwa mstari, hatua tatu kutoka mtaroni. Huna miti, Bwana Miti hasaini. Miche ilitolewa bure.

Miche gani? Milusina!

Kwa wasioujua mlusina, ni mti ambao mfugaji anaupanda makusudi ili mifugo ile. Yaani unawapelekea Wasukuma, ambao mbuzi wao wanapita mjini kama raia wengine, chakula cha mbuzi kilichopangwa kwa mstari! Wiki kadhaa kabla ya msimu, mtaa mzima ulipanda Jumanne. Alhamisi vimebaki vijiti.

Senge alipanda mara mbili, ikaliwa mara mbili. Mara ya tatu akakumbuka dawa ya kwao Zagayu: loweka mavi ya mbuzi siku tatu, koroga, pakaza majani yote. Mbuzi hali kilichopakwa mavi yake. Ana ustaarabu wake.

Ikafanya kazi! Mtaa mzima, wenye miti ni sisi peke yetu. Senge akawa anapita mbele ya mgahawa ameshika kiuno, anasalimia hata wasiomsalimia.

Jumamosi ya kuamkia msimu wakaguzi wakafika. Walikuja wawili kwenye baiskeli moja: Bwana Miti mbele, Bwana Afya nyuma. Hilo la kuja pamoja hatukuliwaza kabisa.

"Mwangaluka, mayu," Bwana Miti akamwamkia mama kwa Kisukuma. Akahesabu kwa kidole. "Mmoja, miwili, mitatu, minne. Mayu, umeuheshimisha mtaa!"

"Wabeja, baba," Senge akashukuru, meno yote nje.

Bwana Afya alikuwa bado barabarani, leso puani.

"Mama, hapa unauza chakula au mbolea?"

Wakuu, wale nzi! Sisi tulishawazoea, tunawapungia tu.

"Osha miti hii," akasema, "la sivyo mimi sisaini."

"Nikiosha italiwa, halafu huyu mwenzako hatasaini."

"Hayo maliza na mbuzi."

Nikamwona Senge anatazama juu, kwenye bati jipya. Ng'ombe wake wote wawili walikuwa pale juu, wamegeuka bati.

Kisha akanigeukia. "Lete ndoo."

Tukaosha jani kwa jani. Bwana Afya akanusa, akaingia jikoni, akafunua masufuria, akakagua choo, akasaini. Fomu ikaenda kwa Bwana Miti.

Bwana Miti alikuwa mtu wa utaratibu. Anaandika jina, anapuliza wino. Anaandika namba ya kiwanja na aina ya miti, anapuliza wino.

Ndipo mbuzi wakatokea nyuma ya ghala la pamba.

Mimi nikashika fagio, Senge mwiko. Bwana Afya, yule yule wa leso, akachomoa pampu ya baiskeli akaingia vitani! Tukawazuia kulia, dume moja la ndevu likapita kushoto, likaukamata mti wa nne.

"Andika, baba!" Senge akapiga kelele. "Bado ni minne!"

"Mayu, huu wa nne una mbuzi!"

"Sheria inasema uwe hai! Haujafa, unatafunwa!"

Bwana Miti akatazama mti. Akatazama mbuzi. Akatazama saa yake. Hakuwa mtu wa kuandika uongo, kwa hiyo akaandika hivi, nimeisoma mwenyewe: "Saa tano na dakika kumi asubuhi: miti minne, hai."

Akasaini. Saa tano na dakika kumi na moja ilikuwa mitatu.

Tulicheka mpaka Bwana Afya akakaa chini mtaroni na pampu yake. Wakala chapati mbili mbili, wakalipa. Ndio wateja wetu wa kwanza.

Jumatatu, milusina yote imeshaliwa na malori yanaingia, Bwana Miti akaja na miche minne ya mwarobaini kwenye kapu. Akaipanda mwenyewe. Mbuzi wakanusa, wakapita. Kwenye fomu imeandikwa milusina hadi leo, na madereva wanaegesha kivulini.

Nilichojifunza: kabla ya kupitisha sheria ya miti kwenye nchi ya wafugaji, muite mbuzi kwenye kikao.

Haya, wa Maswa, wa Mwamapalala, wa kokote. Kwenu sheria ya miti ilisemaje, na nani aliitafuna?