Makofi Yasiyongoja Sentensi Iishe

Miaka ya tisini, pale Bomeni, afisa wa maji alikuja barazani kumwomba mjane mmoja atoe kipande cha shamba lijengwe tangi. Alihutubu kwa Kiingereza. Chifu alitafsiri, naye hakuwa mtu wa kungoja sentensi iishe.

“Maji yatafika kila boma!”

Vigelegele. Chini ya kelele hizo afisa akamalizia nusu iliyobaki: pesa zikipatikana. Hiyo haikutafsiriwa.

“Mama, wenzako wa Mahoo wote wamekubali,” chifu akabembeleza.

Mjane akakaza leso kiunoni. “Basi Bwana Chifu, lijengeni Mahoo. Mimi nitatuma punda.”

Tangi sijaliona mpaka leo. Mahindi ya shamba lile tuliyachoma msimu uleule, na utamu wake naukumbuka kila nisikiapo hotuba.