Tunalipa Sitini

Katika nyumba ile ya vyumba sita hakuna aliyemwita kwa jina la kwao. Walimwita Dada Pasi. Kila asubuhi ungemkuta barazani, meza yake kaifunika blanketi kuukuu, mkono wa kulia pasi ya mkaa, mkono wa kushoto kopo lenye matundu la kunyunyizia maji. Alipiga pasi mashati ya walimu na mashuka ya nyumba ya wageni, na akikukunjia suruali, mkunjo wake ungeweza kukata sabuni.

Mume wake alikuwa utingo wa lori. Anaondoka wiki tatu, anarudi siku nne, tena siku hizo nne mbili analala. Walikuwa na binti mmoja wa mwaka na nusu, na mtoto wa umri ule hawezi kukaa karibu na pasi ya mkaa. Kwa hiyo alishinda chumba kilichotazamana na chao, kwa Mama Pacha.

Mama Pacha aliuza mkaa wa kupima kwa kopo mlangoni pake, na alikuwa na mapacha wa kiume wa miaka minne. Dada Pasi alipotaka kumpa chochote kwa ajili ya kulea, alikataa.

“Mdogo wangu, wawili hawa wakigombana hakuna wa kuamua. Huyu wako ndiye hakimu.”

Nyumba ilikuwa ya Bibi, mjane aliyekaa chumba cha mbele. Kodi ilikuwa elfu thelathini kwa mwezi, na kwa miaka sita hakuipandisha. Ukimuuliza sababu atakwambia, “Kuta zinazeeka kama mimi. Nitaongezaje bei ya kitu kinachozeeka?” Mama Pacha aliwaambia hata wateja wa mkaa, tena kwa sauti, kwamba mji mzima hakuna chumba kizuri cha bei ile, maji uani na mlango wenye komeo la kweli.

Basi siku moja akaja wifi.

Huyo alikuwa dada wa utingo, msusi wa saluni katika mji mkubwa wa mkoa mwingine. Alikuja kukaa siku tatu. Jioni ya kwanza alikaa kwenye kigoda akakitazama chumba polepole: kitanda, pazia, jiko, sufuria zilizopangwa chini ya meza.

“Wifi, kumbe mnalala na vyombo?”

“Vyombo havikoromi, wifi. Kaka yako ndiye anayekoroma.”

Wakacheka, lakini wifi hakuishia hapo. Akasimulia vyumba vya kule kwake. Chumba na sebule laki na nusu, na watu wanavipigania. Dalali anakuonyesha chumba leo, kesho ukirudi unakuta mtu keshatundika pazia.

“Na hapa mnalipa nini? Shukrani?”

Dada Pasi akacheka tena, akajifanya kuchochea mkaa. Siku ya pili akaulizwa tena, akasema mtoto analia. Kweli hakuwa analia, alikuwa kwa Mama Pacha anakula udongo.

Siku ya tatu, karibu saa sita mchana, kijana mmoja akabisha hodi barazani. Alivaa kitambulisho shingoni na kiatu chake cha kushoto kilikuwa kimefungua mdomo mbele.

“Shikamoo dada. Mimi ni karani wa takwimu. Tunazunguka mikoa yote kuuliza kodi za nyumba, zimepanda au zimeshuka, na vyumba vya kupanga vinatosha au havitoshi. Jina lako halitaandikwa. Mwenye nyumba yupo?”

“Kaenda kliniki. Hata jirani yangu kafuata magunia ya mkaa. Nimebaki mimi na wifi yangu.”

Wifi alikuwa kwenye kigoda chake anapaka rangi kucha. Karani akauliza vyumba vingapi. Sita. Kuna kitupu? Hakuna. Choo? Cha pamoja, uani.

“Kodi kwa mwezi?”

Brashi ya wifi ikasimama juu ya ukucha.

“Sitini,” alisema Dada Pasi.

“Elfu sitini?”

“Eeh. Tunalipa sitini.”

Alisema “tunalipa” kama mtu yeyote aliyeolewa anavyosema, yeye na mume wake. Lakini karani aliitazama ile milango mingine, mitano yote imefungwa, akalitazama jua, akatazama kiatu chake. “Mnalipa sitini,” akarudia taratibu huku anaandika, na kwenye kisanduku cha idadi ya vyumba vya bei hiyo akaandika sita.

Dada Pasi aliona. Aliishia darasa la saba, lakini sita anaijua hata ikiandikwa kichwa chini. Angesema, “Kaka, hapo umekosea.” Lakini kusema karani kakosea ilikuwa kuanza upya kulisema lile la sitini, na wifi alikuwa kainua uso anamsikiliza. Akanyamaza. Karani akaaga. Wifi akarudi kwenye kucha zake.

“Afadhali kidogo,” wifi alisema.

Kwa ajili ya maneno hayo mawili.

Njia ya mwongo ni fupi, ndivyo tulivyofundishwa. Hii haikuwa fupi. Ile sitini ilisafiri miezi mitatu, ikafika ofisi ambazo Dada Pasi hatazikanyaga maisha yake yote, ikarudi imepigwa chapa na ina muhuri.

Bibi ndiye aliyeirudisha. Alikwenda ofisi ya mtaa kulipia kodi ya jengo, akakuta ukutani karatasi yenye orodha ya mitaa na bei za vyumba. Alipofika nyumbani hakuvua hata viatu. Aliwaita wapangaji wote uani.

“Wanangu, leo nimejisoma ukutani. Mtaa wetu chumba ni hamsini na mbili kwa wastani. Mwaka juzi ilikuwa thelathini na moja. Na vyumba vitupu hamna. Mwenye nyumba wa geti jekundu naye kaiona ile karatasi wiki iliyopita, keshapandisha. Wa kona naye vilevile. Kumbe mjinga wa mtaa ni mimi.”

“Bibi, karatasi haina macho,” alisema fundi saa wa chumba cha mwisho.

“Mimi ninayo. Mwezi ujao hamsini. Zile mbili nimewasamehe.”

Fundi saa akawageukia wenzake, “Lakini nani huyo mtaani anayelipa zaidi ya hamsini? Tuonyesheni jamani, tukamkope!”

Watu wakacheka kicheko cha wenye shida. Dada Pasi naye akacheka. Alianza baada ya wenzake na akamaliza baada yao, akajisikia sauti yake imebaki peke yake uani.

Tangu siku ile mkono ukawa mzito. Alipiga pasi mkono mmoja wa shati mpaka ukasimama wenyewe kama bomba. Usiku alijiambia nyumba zilizoulizwa zilikuwa nyingi, si yao tu. Asubuhi akakumbuka kwamba karani aliingia nyumba tatu tu katika mtaa ule, na kati ya hizo ni yao tu iliyofika vyumba sita. Hesabu haikumwachia mlango wa kutokea.

Mama Pacha akaanza kutafuta kwingine. Alipata chumba ng'ambo ya machimbo ya kokoto, maji ya kununua, mlango wa bati. Kuhama Jumamosi.

“Kitakachoniuma si chumba, mdogo wangu,” alisema huku anamfunga binti wa mwenzake mgongoni. “Ni huyu hakimu wangu. Huko kesi nitapeleka kwa nani?”

Dada Pasi alikimbilia ndani kama mtu aliyesikia kitu kinaungua.

Alhamisi akaenda chumba cha Bibi, akapiga magoti. Akasema yote: wifi, karani, sitini, ile sita aliyoiona ikiandikwa.

Bibi aliweka mikono juu ya mapaja.

“Mwanangu, ungeniambia siku ile ile, ningekwenda ofisini hata kwa mkongojo. Sasa geti jekundu wanalipa hamsini kweli. Kona wanalipa hamsini kweli. Uongo wako umeshapata wenzake, umekuwa kweli.”

“Basi shusha, Bibi. Kwa ajili ya Mama Pacha.”

“Nitashusha. Arobaini.” Bibi akageuza macho dirishani. “Thelathini sirudi. Nami ni binadamu, nimeshaonja. Na usinitume kwake mimi. Kamwambie kwa mdomo wako.”

Mama Pacha alikuwa anafunga magunia kwa kamba. Alimsikiliza Dada Pasi akirudia yote, bila kuacha kufunga, mpaka alipofika kwenye arobaini.

“Arobaini siiwezi,” alisema. “Hata ile thelathini nilikuwa naifikisha kwa shida.” Akakaza fundo. “Kwa hiyo ulikionea aibu chumba.”

“Nilimwonea aibu wifi.”

“Hapana. Wifi hakuwa na kosa, kauliza tu. Ulikionea aibu chumba. Na mimi chumba hiki hiki nilikuwa nakitangaza kwa wateja.”

Akafungua mbeleko taratibu, akamtoa mtoto mgongoni. “Mchukue mwanao. Nina kazi nyingi.”

Hakuna tusi lililofuata. Dada Pasi alilisubiri pale mlangoni, amembeba mtoto anayelilia kurudi, halikuja.

Jumamosi mkokoteni ulifika asubuhi. Wapangaji walisaidia kubeba, na Dada Pasi akashika ncha moja ya godoro kabla hajaambiwa asishike. Fundi saa alikuwepo, Bibi alikuwa mlangoni, na yule wa mkokoteni alikuwa anafunga kamba. Hapo ndipo pacha mmoja, ambaye Alhamisi alijifanya amelala, akamnyooshea kidole mbele ya watu wote.

“Mama, si ndiye huyu aliyetufukuza?”

Wote wakageuka. Dada Pasi alihisi uso unawaka, akafungua mdomo akiri.

Mama Pacha akampangusa mwanawe makamasi kwa pembe ya kanga.

“Nani kakwambia? Hakuna aliyetufukuza,” alisema, wala hakumtazama jirani yake. “Kodi imepanda tu, mwanangu. Siku hizi inapanda kila mahali.”

Fundi saa akaitikia, “Kweli kabisa, kila mahali.” Mkokoteni ukaanza kusukumwa. Dada Pasi alibaki barabarani na mtoto wake kiunoni. Aliona heri angezabwa kofi.