Chuma Bila Shahidi

Sikuombi uniamini. Nayaandika haya kwa sababu watu wa mtaa wetu wa Ndosho wameshayasimulia vibaya, wakatia ndani nyoka na moto, na mimi niliyekuwepo sikuona nyoka wala moto. Niliona mwanaume mmoja aliyevaa koti la mvua, saa tisa na nusu mchana, watu wakipita barabarani. Nilizungumza naye kama ninavyozungumza nawe sasa. Ukitaka kucheka, cheka kwanza umalize.

Kazi yangu hasa ni kutengeneza redio. Pembeni nina detekta, ile mashine yenye fimbo ndefu na sahani chini, inayolia ikipita juu ya chuma. Niliinunua kwa mtu aliyetafuta dhahabu hadi akachoka. Watu huniita niwatafutie bomba la maji lililofukiwa au cherehani iliyofunikwa na lava, lakini mara nyingi ni borne, yaani ile nondo ambayo mpimaji wa viwanja huichimbia kwenye kona ili mpaka ujulikane.

Hapa lazima nikueleze habari ya sahani, la sivyo utapotea njiani. Ninazo mbili. Moja ni ya mviringo. Kitu kikiwa chini ya katikati yake ndipo inalia kwa nguvu, unatia alama kupitia lile tundu la katikati, unachimba. Kwenye udongo wa kawaida ni raha tupu. Lakini sisi Goma tunakaa juu ya lava, mawe yaliyotemwa na volkano, na lava yenyewe imejaa chuma. Ukipitisha sahani hiyo pale, inalia kila mahali kama mtoto aliyeachishwa ziwa jana.

Ya pili huitwa dabo-de, kwa kuwa ndani yake kuna nyaya mbili zenye umbo la herufi D, zimepandana kidogo mgongoni. Hii inaivumilia lava. Kasoro yake ni kwamba inasikia kwenye mstari mwembamba tu, kutoka ncha ya mbele hadi ya nyuma. Ukipita mara moja umejua mstari, hujajua mahali. Inabidi ugeuke upande, upite tena kuukata ule mstari, na pale mistari inapokutana ndipo kitu kilipo. Hakuna uchawi hapo, ni kazi kama kazi nyingine.

Basi, Alhamisi moja aliniita Mama Nsimire, mjane anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, pale soko la Kituku. Kiwanja chake kiko upande ambao lava ya mlipuko wa mwisho ilipita ukingoni tu, unene wake haufiki kiwiko. Nyumba ya zamani iliungua. Akajenga nyingine ya mbao juu ya jiwe lile lile. Sasa jirani yake alikuwa amerudi na karatasi, akidai mpaka uko hatua nne ndani ya ua wa mama. Hatua nne ni jiko lote na chumba wanacholala watoto. Kinachobaki hapo huwezi kukiita nyumba. Shefu wa avenyu, yaani mkuu wa mtaa ule, alikuwa amekata shauri: Jumamosi atakuja, na borne itakapoonekana, hapo ndipo mpaka. Mama Nsimire alinieleza yote bila kulia, nami nikashukuru, maana mtu akilia mbele yangu sijui niweke wapi mikono.

Nikafunga dabo-de. Haikuchukua saa moja, nikapata sauti nene ya chuma. Nikakata mstari wa pili, nikachora msalaba wa chaki, nikashika nyundo na tindo. Chini ya lava nondo ilikuwepo, imesimama wima. Na ilikuwa hatua nne ndani ya ua, pale pale aliposema jirani.

Mama Nsimire akakaa juu ya jiwe. Akaniuliza, kwa heshima kama kumwita mtu baba, "Ni ile ya kweli, papa?"

Nikamjibu kwamba chuma hakidanganyi. Mpaka leo naona haya nikikumbuka nilivyolisema neno hilo, kwa sauti ya mtu anayejua.

Nilipogeuka, mwanaume yule alikuwa amesimama kando ya uzio wa turubai wa mama. Alikuwa mtu mzima, na koti lake la mvua la kaki liko wazi kifuani. Nilidhani ni ndugu wa mama. Mama naye, aliniambia baadaye, alidhani ni mwenzangu wa kazi, hata akaingia ndani kumtilia chai. Alinisalimia kwa kunipa kifundo cha mkono, kama tunavyofanya sote kiganja kikiwa kichafu. Nikakishika. Haukuwa mkono wa baridi wala wa moto. Ila ulikuwa na udongo mbichi, wa kahawia, na pale tulipo, hatua mia kila upande, ni jiwe jeusi tu. Unadhani nililiwaza hilo? Niliwaza nondo.

Akaniuliza kama nimeangalia chini ya ile nondo. Nikasema nimeangalia, hakuna kitu.

"Basi iyo ni chuma tu," akasema. "Borne iko na shahidi chini yake. Ile haina shahidi. Ile ni mugeni."

Mama Nsimire alikuwa anatoka na kikombe. Akauliza huyo shahidi tutamtoa wapi kabla ya Jumamosi.

"Shahidi ni miye," mwanaume akajibu.

Mama akamsihi aje aseme mbele ya shefu. Nauli ya moto, yaani pikipiki, atalipa yeye, na chakula kitakuwepo. Mwanaume akatikisa kichwa, kwamba yeye hatoki pale kamwe. "Miye sitokaka hapa, mama. Mupime hapa penye nasimama. Muone. Lakini musinitoshe."

Ewe msomaji wa mbali, kwetu kutosha ni kutoa, kuondoa. Mimi nilielewa hivi: hataki kutolewa kwake apelekwe barazani, anaogopa maneno ya jirani. Wangapi hawataki kusimama shahidi? Nikamwambia asihofu, hakuna atakayemtosha. Niliahidi kwa mdomo wangu, na hakuna aliyenilazimisha.

Akasema niweke ile ya mviringo. Nikacheka, nikamweleza habari ya lava. Akasema, "Weka tu." Nikaweka, ili nimwonyeshe.

Ikanyamaza. Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu hili fundi yeyote wa detekta atakwambia haliwezekani. Juu ya lava, sahani ile ilinyamaza. Niliipitisha kulia na kushoto, kimya. Nikaisogeza kwenye miguu yake, ikatoa sauti moja nyembamba, ya juu, ambayo si ya chuma bali ya shaba. Katikati ya sahani ilikuwa katikati ya buti zake. Nikamwomba asogee kidogo. Akasogea. Nikainama, nikatia chaki. Nilipoinua kichwa sahani ilikuwa imeanza kulia kila upande, na mtu hayupo.

"Mwenzako ameenda wapi?" Mama Nsimire akauliza. "Chai yake ni hii."

Nikamwambia si mwenzangu. Niliogopa, sitakuficha, nikaketi pale pale. Lakini alama ya chaki ilibaki.

Jumamosi wakaja shefu, ambaye ni mzee sana, na jirani na karatasi yake. Nikavunja lava kwenye ile alama, kando ya uzio. Chini kulikuwa na tundu jembamba lililojaa udongo wa kuungua, na ndani hamna nondo. Jirani akacheka. Shefu hakucheka. Akaniambia nipeleke mkono chini zaidi. Nikapeleka hadi begani, nikashika, nikatoa: makaa, vipande vitatu vya chungu, na kifungo kimoja cha shaba cha koti.

Ndipo shefu akatueleza. Wapimaji wa zamani, kabla ya kusimamisha borne, waliweka chini yake vitu visivyooza, na vitu hivyo waliviita shahidi. Mwizi wa mpaka hung'oa chuma akakisimamishe pengine, lakini habari za shahidi hazijui, anamwacha chini; ile nondo ya jirani ilihamishwa hivyo kabla lava haijapita. Aliyepima avenyu hii alikuwa mtu wa upande wa Bukavu, na vipande vya chungu vilipompungukia alikuwa anakata kifungo cha koti lake. Amekufa siku nyingi, akazikwa kwao.

Jirani alikunja karatasi, akaondoka bila kuaga. Mama Nsimire safari hii alilia. Watoto wakarukaruka jikoni kwao, na mimi nilifurahi kweli. Katika furaha hiyo nikatia kifungo mfukoni kisipotee.

Muone, lakini musinitoshe. Maneno hayo yalinirudia Jumapili nikiwa misani, nikatoka kabla ya komunio. Kifungo kidogo vile, kwenye kina kile, chini ya jiwe, hakuna sahani duniani inayokisikia. Kilijisikiza chenyewe, kikaomba kitu kimoja tu.

Nilifika nikachelewa. Mama Nsimire, kwa hofu ya jirani, alikuwa amemwaga saruji usiku wa Jumamosi ile ile na kusimamisha nguzo ya ukuta juu ya tundu. Nikamwomba tuvunje kidogo tu, nikirudishe. Akaweka kiganja juu ya saruji.

"Papa, unibomolee mupaka tena?" akasema.

Niliondoka.

Tangu hapo sahani yangu ya mviringo hailii juu ya lava. Popote ninaposimama inatoa sauti ile moja nyembamba, chini ya miguu yangu mwenyewe, hata kifungo nikikiacha nyumbani. Kazi ya detekta imekufa. Na saa tisa na nusu yeye huja uani kwetu Ndosho, akasimama, koti wazi. Mke wangu humwona pia. Mwanzo alimkaribisha akae. Siku hizi huingia ndani na kufunga mlango.

Nilijaribu kukifukia kifungo kwenye kona ya kiwanja changu, na makaa na vigae juu yake. Siku hiyo alipokuja aliongea kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile. "Hapa hapana mupaka," akasema. "Siwezi kushuhudia bongo," yaani uongo. Asubuhi kifungo kilikuwa juu ya udongo.

Kwa hiyo nawe, ukichimba kona ya kiwanja, hapa Goma au kwenu, ukakuta makaa na vigae vimelala pamoja, angalia kwa macho, waite wengine waangalie, kisha rudisha udongo kwa mkono wako. Usikitoe hata kimoja. Mimi nilimtoa mtu kwenye neno lake la kweli, na kila siku anakuja kuniuliza kwa macho nimpeleke wapi, na sina mpaka wa kumpa.